Upepo wa Werugha Ukifika Voi

Mimi ni mtu wa hasira. Nianze na hilo, asije mtu akasema nimeficha. Nimezaliwa Werugha, juu milimani, kwenye ukungu na kabichi, na watu wa kwetu husifiwa kwa upole. Upole wenyewe nadhani uligawanywa siku niliyokuwa nimetumwa maji. Na hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa fundi wa baiskeli kule chini Voi, kwenye joto, miaka ya sabini, wakati nilipokuwa nesi wa usingizi hospitalini.

Nesi wa usingizi ndilo jina watu walilotupa sisi tunaowalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Wenye utani waliniita Mama Ndoto. Lakini kulaza si kazi. Kulaza hata mahubiri marefu yanalaza. Kazi ni kumwamsha mtu akiwa vile vile alivyolala, isipokuwa kile alichotaka kitolewe.

Mgonjwa akishalala nilimpitishia mpira kooni ili apumue. Siku zile ilikuwa mipira myekundu, mizito, tuliyoiosha na kuitumia tena na tena mpaka ikabadilika rangi. Karibu na ncha yake mpira ule ulivaa kipira kingine chembamba, kama soksi. Ukishaingia mahali pake, ulichukua bomba la sindano ukakijaza kipira hicho upepo, kikavimba na kuziba nafasi iliyobaki kooni. Pasipo hivyo gesi inavuja na matapishi yanaweza kushuka mapafuni. Nje, karibu na shavu la mgonjwa, kulining'inia kiputo kidogo kinachokuonyesha hali ya ndani. Kiputo kikilegea, ndani kumelegea. Kikiwa kigumu, ndani nako kugumu. Ukimaliza kujaza unabana na koleo dogo, basi.

Kujaza kiasi gani? Hapo ndipo palipokuwa na kesi. Siku hizi nasikia kuna kipimo chenye mshale, unasoma tu. Sisi tulikuwa na vidole. Na mimi, kwa kuogopa kuvuja, nilikuwa najaza mpaka kiputo kiwe jiwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nilijiambia, na nikaziba kwelikweli.

Halafu akaja mwalimu wa kwaya kutoka milimani, kupasuliwa ngiri. Alipasuliwa vizuri, akapona vizuri, na kwa majuma matatu akawa anaongea kama mbuzi mwenye mafua. Jumapili alisimama mbele ya kanisa akainua mikono, akafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Waumini walicheka. Mimi niliposimuliwa sikucheka. Koo ni nyama hai, na nyama ukiibana sana damu haipiti. Sauti yake ilirudi, namshukuru Mungu, lakini maneno yalikuwa yameshatembea: ukienda kwa yule sista, sauti unaiacha pale pale. Nilipoyasikia sokoni niliwaka moto, nikamrudishia mama wa watu nyanya zake nikaondoka na kikapu kitupu. Jioni nilikula ugali kwa chumvi, maana hasira hasara.

Sasa, baiskeli. Nilikuwa na baiskeli nyeusi ya kike, na mwanamke juu ya baiskeli Voi enzi hizo alikuwa sinema ya bure. Mwezi mmoja nilipanda nayo nyumbani Werugha, imefungwa juu ya basi. Siku ya kurudi, kaka yangu akanijazia tairi kwa nguvu zake zote, asubuhi yenye baridi ya kutetemesha meno. Akasema, "Hii sasa itakupeleka mpaka Mombasa." Nilishuka Voi, nikapanda mpaka hospitalini, nikaiegemeza kwenye ukuta wa dobi, juani. Saa tano ikalia paaa! Mgonjwa mmoja aliyekuwa na mguu kwenye plasta aliwahi mlangoni kabla yetu sote.

Nikaisukuma hadi kwa fundi nikiwa nimefura kuliko hiyo tairi yenyewe. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya reli, kuelekea stesheni. Alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye watu wake walikuja na reli kutoka pwani, na ingawa alizaliwa Voi, Kiswahili chake kilikuwa bado kina chumvi ya Mombasa. Nikamtupia maneno: hii tyubu uliyoniuzia ni mbovu, umenidanganya, nataka nyingine.

Alichomoa tyubu, akaitazama, akaipitisha kwenye karai la maji, akauliza, "Upepo huu ulitiwa wapi, binti yangu?"

"Werugha."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

Akacheka mpaka kofia ikamwendea upande. "Basi wanionea bure. Upepo wa Werugha ni mtoto. Ukifika Voi hukua. Umemvisha mtoto nguo ya kumbana, akakua humo humo ndani, unataka asiipasue?"

Nilitaka kuendelea kukasirika lakini nilikosa pa kushika. Akanikalisha juu ya kreti, akaanza kunifundisha kama mtoto wa chuoni. Tairi haijazwi kwa nguvu za mkono, alisema, hujazwa kwa sikio na kidole. Tia kidogo, sikiliza. Tia tena kidogo, sikiliza. Ikinyamaza, acha. Kisha bonyeza kwa dole gumba: likizama kidogo na kurudishwa, hapo ndipo. "Na ukishatia, usiende zako ukasahau. Pita uibonyeze tena. Jua halikungoji wewe."

Siku ile ile, tulipokuwa bado tunabonyeza matairi, nikaisikia ile sauti ambayo Voi nzima iliijua.

"Baba weeee! Ugali unapoaaa!"

Ilikuwa sauti ya mkewe. Alikuwa Mtaita, mama mfupi mnene, muuza ndizi pale stesheni. Treni ya Taveta ikileta mikungu, yeye alikuwa wa kwanza kuipokea, na wasafiri wakichungulia dirishani alikuwa amewafikia kwa sauti kabla hajawafikia kwa sinia. Wauza ndizi wengine walikimbia kutoka behewa hili hadi lile. Yeye alisimama mahali pamoja akaita, na mabehewa yote yakageuza shingo. Sauti yake ilikuwa ndilo duka lake. Na kila adhuhuri, biashara ikipoa, alisimama ukingoni mwa reli akamwita mumewe chakula, na mumewe akaacha spana ilipo akaenda. Karani mmoja wa reli aliniapia kwamba yeye hurekebisha saa kwa mwito huo.

Nilirudi kazini na dole gumba jipya. Tangu siku hiyo nilikuwa naweka stethoskopu shingoni mwa mgonjwa, naminya mfuko wa gesi, nasikiliza. Ikivuja inakoroma, krrr. Natia upepo kidogo, nasikiliza. Kidogo tena. Ikinyamaza naacha, nabana koleo. Wagonjwa wakawa wanaamka wanaongea, wengine kuliko nilivyotaka. Lakini nani atayatangaza hayo? La mwalimu wa kwaya lilikuwa bado linatembea.

Ikapita kama mwaka, mke wa fundi akaja hospitalini. Alikuwa amevimba tumbo akalificha chini ya leso mbili kwa miezi, akiwaambia watu ni unene wa raha. Mficha uchi hazai. Daktari alipomgusa tu alisema uvimbe huu utoke wiki hii. Daktari wetu alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Kwawuka mana," akanisalimia kwa Kidawida, lugha yetu Wataita.

"Nawuka mana, mama."

"Wewe ndiye unayechukua sauti za watu?"

Nilihisi masikio yanapata moto. Lakini hakuwa ananikejeli, alikuwa anaogopa kwa kweli. Akasema, "Uvimbe mtoe, sina haja nao. Lakini sauti mniachie. Bila sauti mimi ni sinia tu la ndizi. Na yule mzee wangu, nani atamwita?"

Nilimwahidi. Jioni, kabla ya siku yenyewe, nikaenda kukaa kitandani kwake nimweleze, kwa kuwa niliona mtu akijua kinachomjia hapambani nacho. Nikamwambia nitampitishia mpira kooni, nitautia upepo, na akishapasuliwa nitautoa upepo.

"Upepo?" Akanishika mkono. "Si pepo?"

"Upepo, mama. Kama wa tairi za mzee."

"Alaa. Na utautoa wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Nitajuaje umetoka?"

"Nitakuambia."

"Na kabla hujaniambia?"

Nilikuwa nimechoka, nimesimama tangu alfajiri, na maswali yake hayakuwa na mwisho. "Kabla sijakuambia, nyamaza," nikasema, nikidhani ninamtania. Naye akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kubwa, kama mtu anayepokea dawa.

Asubuhi tukaanza. Wakati ule tulikuwa tumeletewa mitungi ya gesi ya kucheka, ile inayomlegeza mtu akazama vizuri, na daktari alipenda niitumie katika kazi ndefu. Nikamlaza mama, mpira ukapita bila ubishi, nikaweka stethoskopu shingoni. Krrr. Nikatia kidogo. Kr. Kidogo tena. Kimya. Nikabonyeza kiputo, dole likazama kidogo likarudishwa. Mzee angenisifu. Nikabana koleo, daktari akachukua kisu.

Uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko tulivyodhani, umejishika huku na huku. Saa nzima ikapita. Jasho lilikuwa linatutoka sote, maana Voi haina huruma kwa mtu aliyevaa gauni la thieta. Nikajisikia nikiukumbuka ule msemo, pita uibonyeze tena. Sikuwa na sababu. Kila kitu kilikuwa sawa, mapigo sawa, pumzi sawa. Nikanyoosha mkono nikakishika kiputo.

Kilikuwa jiwe.

"Nani ameshika koleo langu?" nikafoka. "Nani ametia upepo hapa?"

Daktari akainua macho tu. "Sista, mikono yangu yote miwili iko tumboni mwa mtu."

Kweli, hapakuwa na mtu wa kutia. Bomba la sindano lilikuwa pale pale nilipoliweka. Nikasimama nimekishika kiputo hicho, nikimwona mwalimu wa kwaya na mikono yake hewani. Ndipo nikamsikia yule mzee kana kwamba yuko nyuma yangu: hukua, binti yangu. Hukua humo humo ndani.

Nikafungua koleo taratibu. Fsss. Nikasikiliza shingoni, nikaongeza chembe, nikabana. Baada ya robo saa nikabonyeza: kimeanza tena kukaza. Nikapunguza. Robo saa nyingine, tena. Kazi ilichukua saa mbili na nusu na sikukiachia kile kiputo, nilikaa nacho kama mtu anayepima tunda sokoni. Miaka kadhaa baadaye, daktari mmoja mgeni alinieleza kwamba ni ile gesi ya kucheka, huwa inajipenyeza kwenye mpira na kuingia kwenye kipira kidogo kidogo, ndiyo maana kinavimba. Nilimjibu kwamba fundi wetu wa baiskeli alikuwa ameshaniambia. Alidhani namchezea.

Saa sita daktari akafunga tumbo. Nikamvuta mama mate kwa mrija wa kunyonya, nikatoa upepo wote, nikatoa mpira. Akakohoa, akainua kichwa, akafumbua jicho moja. Kabla sijamwambia lolote, mlango ukafunguliwa: mama mjamzito kutoka upande wa Maktau, mtoto amekaa vibaya, haraka. Muuza ndizi akasukumwa wodini, nami nikabaki thieta. Nikafurahi moyoni. Nilijua nimeifanya vizuri.

Ilikuwa kama saa kumi, mtoto ametoka salama analia kwa hasira, hasira njema, nikampenda pale pale, ndipo nesi wa wodi akaja mlangoni. Uso wake haukunipendeza.

"Yule mama wa ndizi haongei."

"Amelala?"

"Ameamka tangu saa nane. Anatikisa kichwa tu. Tukimuuliza kitu anashika shingo."

Nilienda wodini na gauni la thieta, sijanawa vizuri, nikisema kimoyomoyo, Mungu wangu, nilibonyeza, nilibonyeza kila robo saa, unataka nini tena? Wagonjwa walikuwa wamekaa vitandani wakitazama upande mmoja.

Mzee alikuwa ameketi karibu na kitanda cha mkewe. Alikuwa amenawa grisi mpaka viwiko, na chakula alicholeta kilikuwa bado kimefungwa kitambaa. Aliponiona hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alisema tu, "Binti yangu, nimekuja hapa nikasimama mbele yake. Hata kuniita hakuniita."

Nikamshika mama mkono. "Mama, sema kitu."

Akatikisa kichwa, midomo imefungwa.

"Sema jina langu. Sema ndizi. Sema lolote!"

Akatikisa. Akaninyooshea kidole, kisha akagusa shingo, kisha akanikodolea macho kama anayengoja jambo. Nikaanza kulia na kufoka kwa pamoja, maana mimi nikiogopa huwa nagomba. "Mama, nakusihi, usinifanyie hivi! Fungua mdomo!" Akakaza midomo zaidi. Halafu akafanya ishara moja ya ajabu: akakunja vidole viwili kwenye koo, akavivuta, akafungua kiganja hewani.

Mzee aliinua kichwa. Ishara hiyo aliifanya yeye mara hamsini kwa siku.

"Anachomoa vali," akasema polepole. "Anaulizia upepo."

"Upepo gani?"

"Sijui. Wewe ulimwambia nini kuhusu upepo?"

Na mimi, msomi wa Nairobi, mwenye cheti ukutani, nikasimama pale nikakumbuka. Kabla sijakuambia, nyamaza.

"Mama," nikasema, "upepo nilishautoa. Tangu saa sita."

"SI UNGESEMA!"

Lo! Dirisha lilitetemeka. Kule kwenye wodi ya wazazi yule mtoto mpya akaamka akaanza upya. "Nimekaa hapa mdomo nimeufunga kama gunia, nina kiu, nina njaa, watu wananiulizauliza, wewe uko huko! Uliniambia utaniambia! Aii, tumbo langu, aii!" Akashika mshono kwa mikono miwili, na bado hakunyamaza. Akamgeukia mumewe. "Na wewe umekula?"

Wodi ilipasuka kwa kicheko. Bibi mmoja wa kitanda cha mwisho, aliyekuwa hajacheka tangu aletwe, alicheka mpaka akaomba maji. Mimi nililia bila aibu, nikambusu mama wa watu kwenye paji la uso na gauni langu likiwa na damu. Mzee alikuwa amevua kofia akaficha uso ndani yake, mabega yanamtikisika, na hatukujua analia au anacheka mpaka aliposema kutoka humo humo kofiani, "Sista, upepo wote umeutoa? Si ungenibakishia nusu tu, tupumzike hata hadi Ijumaa."

"Nimekusikia!" akasema mkewe.

Alikaa nyumbani majuma sita, kwa amri ya daktari, bila kubeba sinia wala kupaza sauti. Stesheni ilikuwa na ndizi lakini haikuwa na soko. Yule karani wa reli alilalamika kwamba saa yake haijui imefika wapi.

Siku moja baada ya hapo nilikuwa kibandani kwa mzee, nimempelekea tairi ya nyuma. Treni ya Taveta ilikuwa imeingia asubuhi, na watu walisema mama amerudi, lakini mimi nilikuwa kazini sikumsikia. Mzee alikuwa ameshika pampu, anatia kidogo, anasikiliza. Jua lilikuwa utosini. Mara ikaja, kutoka ng'ambo ya reli, nzima, bila ufa hata mmoja.

"Baba weeee! Ugali unapoaaa!"

Pampu ikasimama. Nilimtazama, nikingoja aiweke chini aende kama kawaida yake. Hakuondoka. Alikaa vile vile, ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyotega sikio kwenye tyubu.

"Mzee, unaitwa."

"Nimesikia."

"Sasa mbona huendi?"

Akaweka kidole mdomoni mwake ili ninyamaze.

"Ngoja kwanza," akanong'ona. "Nikichelewa, ataita tena."